Sala bila Padre: Ibada ya Kila Siku miongoni mwa Wakatoliki wa Mwanzo wa Buganda, 1879–1887

Utangulizi

Tarehe 3 Juni 1886, sikukuu ya Kupaa kwa Bwana, kundi la vijana waliotumika katika ikulu ya Kabaka Mwanga lilichomwa moto Namugongo. Tukio hilo limeandikwa mara nyingi kuliko tukio lingine lolote katika historia ya Ukristo wa Maziwa Makuu. Papa Benedikto XV aliwatangaza Wakatoliki 22 wa dhuluma ile kuwa wenye heri tarehe 6 Juni 1920, na Papa Paulo VI akawatangaza kuwa watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964. Vitabu viwili vinavyotegemewa zaidi na watafiti, kile cha J. P. Thoonen cha mwaka 1941 na kile cha J. F. Faupel cha mwaka 1962, vyote viwili vimeyapanga maisha ya watu hao kwa kuyaelekeza kwenye kifo chao. Hivyo Ukatoliki wa Buganda umezoeleka kusomwa kuanzia Namugongo kurudi nyuma, na kila kilichotangulia kikahesabiwa kuwa maandalizi ya moto.

Insha hii inaanzia mahali pengine. Kati ya Novemba 1882 na Julai 1885 hapakuwapo padre hata mmoja wa Kikatoliki katika Buganda. Misa haikuadhimishwa, maungamo hayakusikilizwa, na waliobatizwa walikuwa wachache, wengi wao wakiwa na miaka michache tu tangu walipolisikia kwa mara ya kwanza jina la Kristo. Hata hivyo mapadre waliporudi hawakulazimika kuanza upya. Walikuta nyumba zinazosali, watu wanaofundishana, na wengi wanaoomba ubatizo. Hoja ya insha ni kwamba umbo la kudumu la Ukatoliki wa Buganda lilichongwa katika miezi hiyo thelathini na miwili, na wachongaji wake walikuwa walei kwa njia ya mazoea ya kila siku: sala za asubuhi na jioni, siku ya saba ya kupumzika, idadi ya wake, jinsi ya kumtendea mtumwa, na kile ambacho mtu alikataa kukivaa shingoni. Hoja ya pili inatokana na hiyo. Mambo yaliyowaletea hatari watu hawa mbele ya mamlaka yalikuwa mazoea hayohayo, na mafundisho ya imani kama mafundisho hayakugombaniwa sana.

Jambo moja kuhusu vyanzo ni lazima lisemwe mapema. Habari nyingi za maisha ya nyumbani ya Wakatoliki hawa zimetoka katika barua na kumbukumbu za kila siku za misheni, na katika ushahidi uliotolewa na ndugu, jirani na wenzao kwa ajili ya kesi ya kuwatangaza wenye heri. Mmoja wa mashahidi hao, Denis Kamyuka, alikuwa miongoni mwa vijana watatu waliofungwa tayari kuchomwa Namugongo wakaachiliwa dakika za mwisho. Shahidi wa kesi ya namna hiyo huulizwa kuhusu fadhila, naye hujibu kuhusu fadhila. Haulizwi ni nani aliyepika siku ya Jumapili, wala ni mke yupi aliyeondoka na watoto. Kwa sababu hiyo vyanzo hivi vinasomwa hapa kwa kutafuta yale ambayo mashahidi waliyataja wakipita tu, kwa kuwa waliyaona ya kawaida.

Wasomaji

Mapadre wa Shirika la Wamisionari wa Afrika, waliojulikana pia kama Mapadre Weupe, walifika Buganda mwaka 1879. Padre Siméon Lourdel na Bruda Amans walitua Kigungu, karibu na Entebbe, tarehe 17 Februari, na wenzao wakafuata miezi michache baadaye. Hawakuingia katika nchi isiyojua sala. Kabaka Mutesa alikuwa ameufuata Uislamu kwa takriban miaka kumi kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1860. Alifunga Ramadhani, akahimiza swala katika ikulu, na maneno ya Kiarabu na Kiswahili yakawa ya kawaida midomoni mwa watumishi wake. Mwaka 1875 H. M. Stanley alipomhubiria Ukristo, aliyebaki nyuma kumsomea Mutesa Maandiko alikuwa Dallington Maftaa, kijana aliyesomeshwa na misheni ya Kiingereza ya Zanzibar, na lugha waliyoelewana nayo ilikuwa Kiswahili.

Urithi huo wa lugha una uzito kuliko unavyopewa. Katika Kiganda, kitenzi okusoma kinabeba maana mbili kwa pamoja, ya kusoma kitabu na ya kusali. Wafuasi wa dini mpya, wawe Waislamu, Waanglikana au Wakatoliki, waliitwa abasomi. Neno lenyewe eddini ni dini yetu, essaala ni sala, ekitabo ni kitabu. Mganda wa mwaka 1880 alipoulizwa kama amejiunga na dini, aliulizwa kwa kweli kama anasoma, yaani kama anatenda jambo fulani kwa saa fulani akiwa na watu fulani. Dini ilimaanisha kwanza tendo linaloonekana.

Inafaa pia kukumbuka kwamba kabla ya Mkristo yeyote kuuawa, tayari walikuwapo Waganda waliokufa kwa sababu ya mazoea ya dini. Mwaka 1876 Mutesa aliamuru kuuawa kwa vijana wengi Waislamu wa ikulu. Walikuwa wamekataa kula nyama iliyochinjwa kwa mamlaka ya Kabaka asiyetahiriwa, na walikataa kumfuata katika swala kama imamu wao. Ugomvi ulihusu sahani na mkeka wa kuswalia. Miaka kumi baadaye ugomvi wa Mwanga na Wakristo ulikuwa na mambo mengi zaidi ndani yake, lakini mfano wa mtumishi wa ikulu anayemkatalia Kabaka jambo dogo la kila siku kwa jina la Mungu ulikuwa umekwisha kuwekwa, tena na Waislamu. Historia ya Kanisa haijapenda sana kulikiri deni hilo.

Kanuni ya miaka minne

Wakatoliki wa kwanza wanne walibatizwa Nabulagala tarehe 27 Machi 1880, Jumamosi Kuu, mwaka mmoja tu baada ya mapadre kufika. Haraka hiyo haikuendelea. Kardinali Charles Lavigerie, mwanzilishi wa shirika, aliagiza ukatekumeni wa miaka minne: miaka miwili ya kwanza mtu akiwa mtaka-dini tu, na miwili iliyofuata akiwa mkatekumeni kamili. Kwa kufuata desturi ya Kanisa la karne za mwanzo, mafundisho yalitolewa kwa hatua. Mtu wa hatua ya chini hakufundishwa habari za sakramenti, na Ekaristi ilibaki kuwa fumbo asilolijua wala kulishuhudia.

Wanahistoria wengi wamekiona kipindi hicho kirefu kuwa chujio la kuwaondoa wasio na nia thabiti. Hilo ni kweli, ila kuna matokeo mengine yasiyozingatiwa. Mtu aliyekaa miaka minne karibu na Kanisa bila sakramenti alikuwa na nini mkononi? Alikuwa na Baba Yetu, Salamu Maria, Amri Kumi, ishara ya msalaba, siku ya Bwana, na sharti la kubadili nyumba yake. Mazoea yalimfikia kabla ya mafumbo. Kwa miaka minne hiyo ndiyo iliyokuwa dini yake yote, na aliishika bila kumhitaji padre kila siku. Lavigerie hakukusudia kulilea kanisa litakaloweza kuishi bila makleri. Aliogopa ubatizo wa haraka na uasi unaoufuata. Hata hivyo kanuni yake ndiyo iliyowaandaa Waganda kwa miaka ya upweke ambayo hakuna aliyeitazamia.

Mwaka 1882 walibatizwa watu wanne ambao majina yao yatarudi mara kwa mara katika kurasa hizi. Yosefu Mukasa Balikuddembe na Andrea Kaggwa walibatizwa tarehe 30 Aprili, na Mathias Mulumba na Luka Banabakintu siku ya Pentekoste, tarehe 28 Mei. Miezi sita baadaye mapadre waliondoka. Mutesa alikuwa mgonjwa na mwenye kubadilika-badilika, ushindani wa ikulu ulikuwa umekuwa mkali, na Padre Léon Livinhac, mkuu wa misheni, alihofia usalama wa wenzake na wa watoto waliowalea. Walivuka ziwa kwenda kusini, na mwaka uliofuata wakaweka makao Bukumbi, katika nchi ya Wasukuma. Waanglikana wa Church Missionary Society walibaki Buganda, wakiwa na Alexander Mackay na mtambo wake wa kuchapia. Wakatoliki walibaki bila padre, na walikuwa na machapisho machache mno kuliko wenzao.

Nyumba zilizosali

Jumuiya iliyobaki haikuwa na kituo kimoja. Ilikuwa na nyumba, na kila nyumba ilikuwa na tabia yake kwa kadiri ya cheo na kazi ya mwenyewe.

Ndani ya ikulu, mtu wa kuangaliwa alikuwa Yosefu Mukasa. Alikuwa amemuuguza Mutesa, na baada ya Mutesa kufa Oktoba 1884 Mwanga alimpa usimamizi wa vyumba vyake vya ndani. Cheo hicho kilimweka juu ya mamia ya vijana waliotumwa na koo na machifu kutoka kila pembe ya nchi ili watumike kwa Kabaka. Ikulu ya Buganda ilikuwa mji wa nyua za mafunjo, na usiku vijana walilala katika makundi chini ya wakubwa wao. Mazingira hayo yalifaa sala ya pamoja kuliko boma la chifu wa shamba: palikuwa na kundi la rika moja, mkubwa mmoja, na muda baada ya kazi. Mukasa aliutumia muda huo kuwafundisha. Kijana aliyeshika sala kwa kuisikia alimfundisha mwenzake wa mkeka wa pili, na huyo naye akamfundisha aliyekuja mwezi uliofuata.

Nje ya ikulu alikuwapo Andrea Kaggwa, mkuu wa wapiga ngoma na wanamuziki wa Kabaka. Alikuwa amezaliwa Bunyoro, akatekwa akiwa mtoto na kukulia katika utumishi wa ikulu. Nyumba yake, alikoishi na mkewe Klara Batudde, ikawa mahali pa mafundisho kwa watu wa mji mkuu, wakiwamo askari na wanamuziki waliokuwa chini yake, na baadaye watoto wa Katikiro mwenyewe. Magonjwa yalipoingia nchini, Kaggwa na wenzake waliwahudumia wagonjwa, na waliokuwa wanakufa wakiwa wamekubali imani waliwabatiza. Sheria ya Kanisa inamruhusu mtu yeyote kubatiza katika hatari ya kifo, lakini katika parokia ya kawaida ruhusa hiyo hutumika mara chache. Buganda bila padre iliigeuza kuwa kazi ya walei wanaojulikana. Maana yake kwa jamii ilikuwa kubwa. Katika nchi ambamo ugonjwa mzito uliita mganga, ulitafutiwa mchawi, na mara nyingine uliwatenga jamaa na mgonjwa, hapa walikuja watu wasio wa ukoo wake, wakamwosha, wakamlisha, wakamwombea, na akifa wakamzika.

Kundi la tatu lilikuwa mbali, Mityana katika wilaya ya Ssingo, kiasi cha kilomita 70 magharibi ya mji mkuu. Kiongozi wake Mathias Mulumba alikuwa Msoga kwa kuzaliwa, naye pia mateka wa vita vya utotoni, aliyepanda hadi kuwa mmoja wa wasaidizi wa chifu wa wilaya. Alikuwa amepitia Uislamu, kisha akasoma kwa Waanglikana, kabla ya kwenda kwa Lourdel. Mtu huyu alikuwa amezoea kusali kwa nyakati maalumu kabla hajasikia habari za rozari, na ni vigumu kuamini kwamba utaratibu wa sala za alfajiri na jioni katika nyumba yake haukuwa na uhusiano na nyakati za swala alizozishika hapo awali. Pamoja naye walikuwapo Luka Banabakintu na Nowa Mawaggali, mfinyanzi. Nyumba ya Mawaggali nayo ikawa mahali pa kukutania, ingawa mwenyewe hakubatizwa hadi tarehe 1 Novemba 1885. Maana yake, kwa sehemu kubwa ya kipindi kinachochunguzwa, mmoja wa wenyeji wa sala za Mityana alikuwa mtu asiyebatizwa. Mapadre waliporudi, watu wa Mityana walishika mwendo wa kwenda mji mkuu kuhudhuria Misa na kurudi. Kwa miguu, njia ile ya vilima na vinamasi ilikula zaidi ya siku moja kwenda pekee.

Jumapili inastahili maelezo zaidi. Kalenda ya Waganda ilihesabu miandamo ya mwezi, na mwezi mchanga ulikuwa na mapumziko na ibada zake. Juma la siku saba lilikuja na dini za kigeni, na hadi leo Kiganda huliita juma kwa neno ssabbiiti. Kwa mtumishi wa chifu, kuishika siku ya saba hakukuwa jambo la moyoni tu. Kulihitaji kuhesabu siku bila kukosea, pasipo kengele wala kalenda iliyochapishwa, na kulihitaji kueleza kwa nini hakuja kujenga ua au kubeba mzigo siku ambayo chifu aliitaka kazi. Nyumba iliyoshika Jumapili ilijitangaza kila baada ya siku sita, hata kama haikutamka neno.

Mzigo kichwani na wake waliotolewa

Mabadiliko mawili ya nyumbani yalionekana na jirani wote, na yote mawili yaligusa mali.

La kwanza lilihusu watumwa. Buganda ya miaka ya 1880 ilikuwa nchi ya uvamizi wa kila mara, na mateka walikuwa nguvu kazi, zawadi na bidhaa kwa wafanyabiashara wa pwani. Mulumba aliwaacha huru watumwa wake. Baada ya hapo alionekana akijibebea mzigo mwenyewe njiani na kushiriki kazi za mikono ambazo mtu wa cheo chake hakuzigusa. Yohana Maria Muzeyi, aliyekuja kuuawa wa mwisho kati ya wale 22 tarehe 27 Januari 1887, alikumbukwa kwa kutumia alichokipata kuwakomboa watumwa na kuwasaidia maskini. Chifu anayebeba mzigo wake ni kichekesho kwa wenzake, na pengine ni tusi, kwa kuwa anaonyesha kwamba heshima ya cheo inaweza kutengana na mgongo wa mtu mwingine. Mashahidi waliitaja picha hiyo ya mzigo kama mfano wa unyenyekevu. Mwanahistoria anaweza kuongeza kwamba ilikuwa pia mwaliko wa hatari.

La pili lilihusu wake. Mulumba, kama mtu mwingine wa cheo chake, alikuwa na wake kadhaa. Kanisa lilitaka abaki na mmoja kabla ya ubatizo, naye alitii. Maandishi ya kidini yanalihesabu jambo hili katika orodha ya ushindi wake dhidi ya nafsi, na hapo ndipo maandishi yanapoishia. Katika uchumi wa Buganda, mwanamke ndiye aliyelima shamba la migomba, na shamba hilo ndilo lililolisha nyumba, wageni na wafuasi. Mwanamume aliyebaki na mke mmoja alipunguza chakula chake, idadi ya watu aliowakaribisha, na kwa hiyo uzito wake katika siasa. Hiyo ilikuwa gharama ya mume, nayo imeandikwa kama sadaka. Gharama ya mwanamke aliyetolewa haikuandikwa mahali popote. Alipoteza nyumba, shamba na nafasi katika mji wa mume bila kosa lake, na mara nyingi bila yeye mwenyewe kuwa amechagua dini yoyote. Vyanzo vimetuhifadhia majina ya wake waliobaki, na hata hao si wote. Waliotolewa hawana majina. Mtafiti anayesifu nidhamu ya nyumba hizi, na kuna sababu ya kuisifu, anapaswa kuisifu akijua kwamba baadhi ya watu walitolewa nje ili nyumba iwe ya Kikristo.

Mwanamke aliyechagua mwenyewe alifanya mambo ya kushtua zaidi. Nalumansi, binti wa Mutesa, alipewa ulinzi wa kaburi la Kabaka Jjunju, kazi iliyomfunga kwenye ibada ya wafalme waliofariki. Baada ya kuwa Mkatoliki aliviharibu vifaa vitakatifu na hirizi alivyokabidhiwa, na kitovu chake kilichokaushwa na kutunzwa, ambacho kwa Waganda kilikuwa kama pacha wa mtu wa ukoo wa kifalme, alikikatakata. Hakuna hotuba ya ikulu iliyoweza kuisema imani kwa namna iliyoeleweka na Waganda wote kama kisu kile.

Kukataa

Mapadre walirudi Julai 1885 kwa mwaliko wa Mwanga na kuweka makao Nalukolongo. Miezi minne baadaye, tarehe 15 Novemba, Yosefu Mukasa aliuawa. Alikuwa amemlaumu Kabaka kwa kuamuru kuuawa kwa Askofu James Hannington wa Waanglikana, na alikuwa amewakinga vijana wa ikulu wasitimiziwe matakwa ya kimwili ya Mwanga. Siku hiyohiyo Karoli Lwanga na wenzake walikwenda misheni wakabatizwa. Kanuni ya miaka minne iliwekwa kando kwa sababu ya hatari. Lwanga alichukua nafasi ya Mukasa kama mlinzi na mwalimu wa vijana, na alikuwa tayari kwa kazi hiyo kwa kuwa alikuwa amelelewa na utaratibu uleule wa mafundisho ya mkeka kwa mkeka.

John Rowe, katika makala yake ya mwaka 1964, alionyesha kwamba mauaji ya mwaka 1886 hayakuwa wazimu wa mtawala mmoja. Yalikuwa na hesabu za kisiasa: hofu ya Wazungu waliokaribia kutoka pwani, ushindani wa machifu wazee na kizazi kipya cha ikulu, na swali la utii wa wasomi. Insha hii haipingani na maelezo hayo. Inaongeza swali la namna hofu hiyo ilivyoonekana kwa macho. Utii wa mtumishi hupimwa kwa mambo ya saa kwa saa: kama yupo anapoitwa, kama anakubali anapoamriwa, na kama anachofanya anapokuwa peke yake kinamhusu bwana wake. Jioni ya tarehe 25 Mei 1886 Mwanga alirudi kutoka kuwinda viboko bila kupata kitu, akakuta watumishi hawapo. Aliporudi Mwafu, mwana wa Katikiro, akiwa pamoja na Denis Ssebuggwawo, Kabaka aliuliza walikuwa wapi. Ssebuggwawo alikuwa akimfundisha Mwafu dini. Mwanga alimpiga kwa mkuki. Usiku uliofuata, Munyonyo, Lwanga aliwabatiza baadhi ya vijana waliokuwa bado wakatekumeni, akiwamo Kizito. Hapakuwa na padre, na hakuna dalili katika ushahidi kwamba kuna aliyeona ajabu mlei kufanya hivyo. Watu hawa walikuwa wameshalizoea jambo hilo.

Kesho yake Katikiro alitaka Andrea Kaggwa auawe mara moja, akasema hatakula mpaka aletewe mkono wake. Kosa lililomuuma lilikuwa la nyumbani kwake: Kaggwa alikuwa amewafundisha wanawe kusali.

Kwa mtazamo huo, sala zilizosemwa kwa sauti njiani kwenda Namugongo hazikuwa ushujaa ulioibuka ghafla. Wenzake waliobaki hai walieleza kuwa vijana walisali pamoja njia nzima na katika siku za kungoja. Zilikuwa sala zilezile za jioni, na walizisema kwa pamoja kwa sababu hivyo ndivyo walivyozizoea.

Waliobaki

Mulumba aliachwa kufa peke yake kwenye kilima cha Kampala ya Kale, viungo vyake vikiwa vimekatwa. Mawaggali aliuawa Mityana tarehe 31 Mei. Tungetarajia kundi la Ssingo lifutike, na kama lingetegemea watu wawili au watatu tu, lingefutika. Lakini nyumba zilikuwa zimekwisha kujifunza kusali bila kiongozi, kama zilivyojifunza awali kusali bila padre.

Mtindo huo ulihama pamoja na watu. Baada ya vita vya Mengo vya Januari 1892 Wakatoliki wengi walikusanyika Buddu, na misheni ya Villa Maria ikaanzishwa mwaka huohuo. John Mary Waliggo, katika tasnifu yake ya mwaka 1976 kuhusu Kanisa Katoliki la Buddu, ameeleza kwa urefu uzito wa makatekista na machifu walei katika kueneza dini vijijini. Kinachoweza kuongezwa ni kwamba katekista wa Buddu, anayekusanya watu alfajiri kwa sala na kufundisha kwa kukaririsha, alikuwa na mtangulizi wake katika ua wa Mukasa na nyumba ya mfinyanzi. Mapadre walimpa cheo na mshahara mdogo, ila kazi yenyewe waliikuta. Mwaka 1913 mapadre wa kwanza Waganda wa nyakati hizi, Bazilio Lumu na Viktoro Mukasa Womeraka, walipewa daraja Villa Maria, wakitoka katika kizazi kilichokulia katika nyumba za namna hiyo.

Mawaggali alikuwa na dada, Munaku. Alikamatwa katika uvamizi uleule uliomwua kaka yake, akiwa bado mkatekumeni. Aliyemteka alitaka kumfanya mke, naye alikataa kwa vitisho na kwa ahadi, hadi mapadre walipomkomboa. Alibatizwa Maria Matilda, akaamua kutoolewa, na akaishi karibu na misheni akifanya kazi, akisali na kufundisha, miaka mingi kabla ya kuwapo shirika lolote la watawa Waganda. Masista wa Bannabikira walipoanza mwaka 1910 huko Bwanda, karibu na Villa Maria, walimhesabu kuwa mfano wao. Alikuwa ameishika imani katika nyumba ya kaka yake kabla ya kubatizwa, na aliendelea kuishi hadi karne ya ishirini. Jina lake halimo katika orodha ya wale 22.